Sura ya Tano: Ruhusa ya Chumba cha Doris

Sajenti Kornelia Margwe aliishika kalenda kwa mikono miwili, akaiinua sambamba na ukuta, akalinganisha. Rangi ya kijani ni ile ile. Swichi ya taa iliyopinda ni ile ile. Hata alama ya moshi wa koroboi ilikuwa mahali pake, kwenye karatasi na kwenye ukuta.

"Ni hapa," alisema.

"Sijawahi kukataa kwamba ni hapa, afande." Doris alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe, amebana magoti, kama mgeni asiyejua atakaa kwa muda gani. "Chumba ni changu. Ninachokataa ni kwamba niliwaruhusu."

Kalenda ilikuwa ya duka moja la mablanketi. Msichana mrembo ameketi, amejifunika blanketi jekundu mpaka mabegani, anacheka kana kwamba huku Dongobesh baridi ni habari ya kusimuliwa. Nyuma yake inaning'inia sketi ya ngozi, yenye shanga na nakshi, ambayo mwanamke wa Kibarbaig huanza kuivaa anapoolewa. Wenyewe huiita hanang'weanda. Mwanamume haigusi. Haianikwi mbele ya macho ya watu, na hazishonwi mbili zikafanana, kwa hiyo kila mwanamke wa Gendabi, kijijini kwa kina Doris, aliyeitazama kalenda alijua papo hapo sketi ni ya nani. Ni ya mama yake Doris, ambaye watu wote humwita Mama Patriki kwa jina la mwanawe wa kwanza. Sasa ilikuwa inaning'inia kwa vinyozi, kwenye mabucha na kwenye ofisi za vijiji kutoka Mbulu mpaka Katesh, na mwaka ulikuwa bado mbichi.

Patriki ndiye aliyekuja kituoni kushtaki. Alimtaja dada yake kabla hajaulizwa jina la mtu. "Amemtundika mama yetu kwenye kamba ya chandarua!" alipiga kelele huku akiipiga kaunta kwa ngumi. "Kamba ya chandarua, afande!" Askari walienda chumbani kwa Doris, wakaikuta sketi kwenye sanduku lake, na kijiji kizima kikapata mshitakiwa wake.

Kisheria lilikuwa jalada jembamba. Inspekta Modest, mkuu wake Kornelia, alishamwambia alifunge. "Sketi tunayo. Itarudi kwa mwenyewe. Nani amekufa?" Hakuna aliyekufa, na hapo ndipo palipomuuma Kornelia, maana kule Gendabi Mama Patriki alikuwa anakufa. Ini lilikuwa limeshindwa kazi, na Patriki aliapa kwamba Doris hatakanyaga bomani mpaka ijulikane nani aliitoa sketi ya mama yao.

"Mimi sitaki kesi," Doris alisema. "Sitaki fidia ya mtu, wala sitaki kalenda zichomwe. Nataka nimwone mama kabla hajaondoka. Ukishampata aliyefanya, mwambie kaka anifungulie njia. Basi."

"Sketi ilifikaje humu?"

"Mama alilazwa hospitali. Alipotoka alikaa hapa kwangu. Tumbo lilikuwa limejaa maji, sketi haifungi tena, anavaa khanga tu. Akanipa nimtunzie. Mimi ndiye binti yake pekee." Alionyesha kwa kidevu sanduku la bati chini ya kitanda.

"Ulikuwa unalifungua?"

Doris alisita. Kornelia aliuona msito huo akaurukia.

"Ulilifungua, Doris."

"Niliipaka samli. Ngozi isipopakwa inakakamaa. Mama mwenyewe aliniagiza."

"Na ukaijaribu kidogo, uone inavyokukaa."

"Mimi sijaolewa, afande." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama amewahi kuiba sadaka kanisani. Kornelia aliona haya, akaificha kwa kuuliza swali lingine.

"Siku ya picha ulikuwa wapi?"

"Gendabi. Nilimrudisha mama nyumbani, nikabaki naye. Namgeuza, namlisha uji. Dukani waliweka mtu mwingine auze dawa za mifugo badala yangu. Ufunguo wangu nilikuwa nao shingoni. Mwingine anao mama mwenye nyumba."

Kornelia alipitisha kiganja ukutani, juu ya pale sketi ilipoonekana pichani. Hakuna msumari, wala tundu la msumari. Chandarua cha Doris kilining'inia kwenye ndoano ya darini, katikati ya chumba, mbali na ukuta. Aliitazama tena kalenda. Sehemu ya juu ya picha ilikuwa imekatwa ili jina la duka likae kwa herufi kubwa, kwa hiyo haikuonekana sketi ilishikwa na nini.

Alikuwa na sababu ya kwenda polepole. Kornelia ni Mwiraqw wa Mbulu, na kwao sketi za ngozi za mabibi hutolewa siku ya harusi, bibi harusi akaazimwa, akapigwa picha, zikarudishwa kabatini kwa vigelegele. Alilianza jalada hili kwa akili hiyo hiyo. Alivifuatilia vikundi vya ngoma wilaya mbili, akiuliza nani aliazima sketi kwa nani, mpaka mama mmoja wa Gendabi alipomuuliza kama kwao Wairaqw huazimana pia matumbo ya uzazi. Tangu siku hiyo alikuwa anauliza kwanza, anadhani baadaye.

Mwenye nyumba, Verediana, alikuwa upande wa pili wa uwanja, amekaa kwenye kigoda akichambua vitunguu saumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti. Umekuja tena kwa ajili ya ile picha."

"Nimekuja tena. Nani alikuambia umfungulie mpigapicha chumba cha Doris?"

"Nani aniambie? Nyumba ni ya nani?" Verediana alitupa kitunguu kibovu kwa kuku. "Tumeijenga mimi na marehemu, tofali kwa tofali, tukilala njaa. Kijana amekuja na karatasi yake, amenieleza vizuri, nimeweka sahihi. Mwenye nyumba anairuhusu nyumba yake. Kuna sheria inakataza?"

"Nyumba umeiruhusu, sawa. Na kitanda? Na sanduku?"

"Vimo ndani ya nyumba."

"Na mimi nimo ndani ya uwanja wako. Utanitolea ruhusa na mimi nipigwe picha?"

Mama yule alicheka kidogo, kisha akaacha. "Chumba kilikuwa kikavu, mwanangu. Kitanda na ndoo. Ile sketi ndiyo iliyokipendezesha. Mama yangu mzazi alikuwa na yake ya shanga, ilizunguka harusi zote za ukoo, na kila aliyevaa alibarikiwa. Nilidhani ni heshima. Wewe ni wa huku, unajua."

Kornelia alijua. Ndiyo maana hakumkaripia. "Ni wewe uliyeitoa sandukuni?"

Vidole vya Verediana vilisimama juu ya vitunguu. "Mimi ndiye niliyeruhusu."

"Sikukuuliza hilo."

"Hilo ndilo jibu nililonalo."

Mwanamke aliyekuwa anabishana kama wakili sasa alikuwa amekubali kosa lote bila kusukumwa. Kornelia alimshukuru, akaondoka. Watu wanaokubali upesi hivyo, kwa uzoefu wake, huwa wanamfunika mtu.

Mbulu mjini alifika jua likiwa juu ya soko, ila baridi bado ilikuwa kwenye vivuli. Studio ya Yoakimu, yule mpigapicha, ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maua na kompyuta. Yoakimu mwenyewe alikuwa kijana nadhifu, mwenye wasiwasi, na karatasi yake aliitoa kabla hajaombwa.

"Fomu ya ruhusa ya mahali, afande. Nilijifunza Arusha. Huwezi kupiga picha ya biashara kwenye jengo la mtu bila hii. Huku wengine hawajui hata kama ipo. Mimi huwa naenda nayo kila mahali."

"Hongera," Kornelia alisema. Aliisoma. Sahihi ya Verediana ilikuwa imeandikwa kwa kukandamiza, mkono wa mtu anayejua kwamba anachoruhusu ni chake. "Kwa nini chumba cha kupanga? Hoteli hazipo?"

"Mteja alitaka chumba cha mtu wa kawaida. Alisema mwenye chumba cha hoteli hanunui blanketi."

"Na wewe hukuuliza huyo mtu wa kawaida yuko wapi?"

"Niliuliza! Nilimwambia yule mama, 'Na vitu vya mpangaji?' Akasema vitu vina ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Yoakimu aliinyooshea fomu kidole, pale penye sahihi.

"Ulimwona mpangaji? Ulimpigia simu?"

"Namba yake sikuwa nayo, afande. Na kwenye fomu hakuna mahali pa mpangaji. Ni mwenye mali tu."

"Na mwenye mali ni nani, Yoakimu? Mwenye ukuta, au mwenye sketi?"

Kornelia hakumwonea huruma. Alikuwa amechoka na watu wenye karatasi safi. Katika jambo hili kila mtu alikuwa na ruhusa: mteja alipewa na mpigapicha, mpigapicha alipewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alijipa mwenyewe. Aliyekosa kuulizwa ni mtu mmoja tu, yule ambaye godoro lake lilikaliwa.

"Nionyeshe picha nzima. Kabla hujaikata."

Ilikuja kwenye kioo, kubwa, chumba chote. Kornelia alivuta kiti. Juu ya kichwa cha msichana, kutoka nondo ya dirisha mpaka bawaba ya mlango, ilipita kamba nyeupe, nyembamba, iliyovutwa ikakaza. Sketi ilikuwa imekunjwa juu yake. Chandarua chenyewe kilikuwa kimesokotwa na kusukumwa nyuma ya mlango, kimefunguliwa kamba yake.

"Kamba ya chandarua," alisema polepole.

"Ndiyo. Haikunisumbua, nilijua nitaikata."

"Nani aliifunga?"

"Niliikuta imefungwa na sketi iko juu. Yule mama alisema chumba kiko tayari."

"Waliokuwa ndani ni nani?"

"Mimi, yule msichana modo na yule mama. Mlango tuliufunga kwa sababu ya mwanga. Tulipomaliza, mama akairudisha sketi sandukuni na chandarua akakirudisha juu mbele yangu."

"Na picha hii nzima, nani ameiona? Fikiri kabla hujajibu."

"Hakuna. Mteja nilimpelekea iliyokatwa. Hii haijawahi kutoka hapa."

Kornelia aliegemea nyuma. Kelele za kaunta zilimrudia masikioni, na ngumi ya Patriki juu ya mbao. Siku ile aliyachukulia yale maneno kuwa matusi ya mtu mwenye uchungu. Lakini kwenye kalenda kamba haionekani. Askari walioenda chumbani walikuta chandarua darini na sketi sandukuni. Mtu wa kuijua ile kamba ni lazima awe ameiona siku ile, na kabla mlango haujafungwa.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti, na Yoakimu akadhani ametukanwa yeye.

Verediana alipomwona anarudi siku hiyo hiyo, hakuinuka. Vitunguu vilikuwa vimeshaingia kwenye gunia na yeye alikuwa amekaa tu, mikono mapajani.

"Patriki alikuwepo," Kornelia alisema. Shikamoo alishampa asubuhi.

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

Ilikuwa kweli, kwa namna yake. Mama yule alivuta pumzi ndefu, na maneno yakaanza kutoka yenyewe.

"Alikuja kuchukua dawa za ng'ombe dukani kwa dada yake. Akapita hapa kunisalimia, ana adabu. Nikamwambia kuna kijana anakuja kupiga picha chumba cha Doris, je, nimfungulie? Akasema mfungulie."

"Kwa nini umuulize yeye?"

"Nimuulize nani?" Verediana alimshangaa kwa dhati. "Yeye ndiye aliyekuja kumwombea chumba. Msichana hana mume, nampokea kwa neno la nani? La kaka yake. Kwangu mimi, neno la chumba kile ni la Patriki."

"Anayeishi humo ni Doris."

"Anaishi, ndiyo."

Kornelia alimeza jibu lililomjia. Yeye mwenyewe, alipopata chumba chake cha kwanza akiwa tayari ana sare ya serikali mwilini, alisindikizwa na mjomba wake akamsemee. "Endelea, mama."

"Akaingia, akatazama. Akasema, chumba hiki kitatuaibisha, watu wa mjini watasema Wabarbaig hawana kitu. Akavuta sanduku mwenyewe. Akafungua chandarua, akafunga kamba, akatundika. Alikuwa na furaha, mwanangu. Aliniambia, 'Waone na sisi tuna vitu.' Kisha akaondoka na dawa zake."

"Na kalenda ilipotoka?"

"Akaja hapa akapiga magoti. Mwanaume mzima, na fimbo yake. Akaniapisha nisimtaje."

"Ukaapa Doris abebe?"

"Doris hakutajwa kwenye kiapo," Verediana alisema, na aibu ikampanda usoni wakati huo huo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kornelia alimwacha alie. Hakuwa na la kumfariji, na hata angekuwa nalo asingelitoa.

Asubuhi iliyofuata Kornelia na Doris walikwenda Gendabi kwa bodaboda mbili, upepo wa mlima Hanang ukiwapiga vifuani. Kornelia aliipakata sketi ndani ya shuka safi. Doris alikuwa nyuma yake, amebeba chupa ya maziwa ya mtindi aliyoyagandisha mwenyewe, kwa sababu mama yake hakubali ya dukani. Walipofika kwenye uzio wa miiba, Kornelia alimwambia asubiri nje na madereva.

"Leo utaingia," alimwambia. Aliahidi hivyo kabisa, kwa kinywa chake, na baadaye alitamani angekuwa bubu.

Patriki alikuwa zizini. Alipoiona shuka mikononi mwa Kornelia alirudi hatua moja, na hatua hiyo peke yake ingetosha kwa mtu mwenye macho.

"Umempata?" aliuliza.

"Nimempata. Uliniambia mwenyewe siku ya kwanza, ila sikuwa na masikio. Kwenye kalenda hakuna kamba ya chandarua, Patriki. Imekatwa. Nimeiona kwenye kompyuta ya mpigapicha tu, na yeye hajamwonyesha mtu."

Patriki hakubisha. Alitazama ng'ombe wake mmoja mmoja, kisha akatazama nyumba ya mama yake, ambapo wanawake wa jirani walikuwa wameketi nje wamejitanda shuka zao, kimya, wakiwatazama.

"Wale wanasubiri kufanya baraza," alisema kwa sauti ya chini. "Baraza la wanawake. Wakijua ni mwanamume aliyeigusa, watataka dume jeusi. Dume nitatoa, sina shida na dume. Lakini wanalaani, afande. Wakishalaani, hakuna mtu wa kuja kwangu, hakuna wa kunipa moto wala maji. Nina watoto."

"Na Doris?"

"Doris ni mwanamke mwenzao. Watamtenga tu."

"Tu?"

"Sikujua!" Machozi yalimlenga. "Nilitaka waone kwamba mama yangu alikuwa mtu. Nilifanya kwa kumpenda."

"Kuitundika, nakubali. Na kumshtaki dada yako ulifanya kwa kumpenda nani?"

Kornelia alimpita, akawasalimia wanawake wa nje, akainama kuingia nyumbani.

Ndani palikuwa na joto na moshi mkavu. Mama Patriki alikuwa amelazwa upande wa moto. Uso ulikuwa wa manjano, mikono imekonda, tumbo limejaa chini ya khanga. Macho tu ndiyo yaliyokuwa bado na nguvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni yule wa serikali." Kiswahili chake kilikuja taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Leta."

Kornelia alifungua shuka. Mama Patriki aliweka kiganja juu ya ngozi, akaipapasa mpaka kwenye shanga, akaacha mkono hapo. Kornelia akamwambia yote, bila kupamba: chumba, mwenye nyumba, kamba, mwanawe.

"Najua," mama yule alisema.

"Unajua nini, bibi?"

"Walinionyesha ile picha. Imekunjwa vibaya. Doris nimemfundisha kuikunja. Ile alikunja mtu ambaye hakufundishwa." Alipumzika kidogo. "Mwanamume."

Kornelia alikaa chini bila kukaribishwa. "Ulijua tangu siku hiyo. Ukanyamaza."

"Andika. Mimi niliruhusu."

"Siyo kweli, bibi."

"Sketi ni ya nani?"

"Yako."

"Basi ruhusa ni yangu. Naitoa leo. Andika, nitaweka dole."

Hakuna kifungu cha sheria ambacho Kornelia angekishika hapo. Mwenye mali amesema aliridhia, mali imerudi, mlalamikaji ni mwanawe. Inspekta Modest angelifunga jalada kwa furaha. Aliandika mistari ile michache kwa hasira, akamshika mama yule kidole kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi.

"Nitoke niwaambie wanawake kwamba wewe uliruhusu?"

"Hapana. Ya serikali yameisha. Ya wanawake siyo yako. Mimi nikisema niliruhusu, hawataamini, watauliza nani alifunga kamba. Nikinyamaza, wanajua tayari."

"Wanajua uongo. Wanajua ni Doris!"

"Ndiyo."

"Bibi, Doris ni mwanao. Alikugeuza, alikulisha. Hana kosa hata moja."

"Hana." Mama Patriki alifumba macho. "Doris ana kazi. Ana chumba chake mjini. Patriki ana hapa tu. Wakimlaani, watoto wake wataishi na nani? Na mimi nitazikwa na nani?"

"Basi mwache aje tu akuone. Sitasema neno kwa mtu. Dakika moja."

"Akiingia nitamshika," mama yule alisema. "Nitamshika, nitalia. Wale wa nje watasikia. Watajua siyo yeye, maana mama halii hivyo juu ya mtoto aliyemuuza. Wataanza kuuliza ni nani, na hapa mwanamume ni mmoja. Asije."

Kornelia alikunja karatasi yake akatoka.

Doris alikuwa amesimama pale pale kwenye uzio, chupa ya mtindi mikononi. Alimtazama Kornelia usoni na tabasamu alilokuwa ameanza likaishia njiani.

"Kaka amekataa."

"Siyo kaka." Kornelia aliona kwamba uongo ungekuwa rahisi, na kwamba Doris alikuwa ameshadanganywa na watu wa kutosha. "Ni mama. Anajua siyo wewe. Anajua ni Patriki. Amesema akikuona atalia, na wanawake watajua."

Mmoja wa madereva alianza kupiga mluzi, mwenzake akamkanya kwa jicho.

"Alijua tangu lini?"

"Tangu alipoiona picha."

"Na umemwambia niko hapa nje?"

"Hapana."

"Basi usimwambie." Alimkabidhi Kornelia chupa. "Mwambie ulikuja kunichukua, nikakataa kuja. Mwambie nimekasirika. Akijua nimekasirika hatanisubiri."

Alipanda bodaboda, akamgeuzia mgongo mlima na boma, akajitanda khanga mpaka kichwani. Hakulia. Kornelia angependa alie.

Alirudi ndani na ile chupa. Patriki alimpisha njia, wanawake wakampisha njia, naye akapiga goti kando ya moto akasema alivyoagizwa: kwamba Doris alikataa kuja, kwamba amekasirika, kwamba maziwa ameyatuma tu.

Mama Patriki alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa bado juu ya sketi.

"Huko kwenye uzio kuna upepo," alisema. "Amevaa sweta?"

"Amevaa, bibi," Kornelia alisema.